Ua la rangi za maji linapoharibika: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Nimekagua kazi nyingi za watu wanaoanza kupaka maua kwa rangi za maji, na mara nyingi mchoro wa penseli ulio chini ya rangi huwa haujambo kabisa: petali zimekaa mahali pake, kikonyo kimepinda vizuri, na majani yana uwiano na ua lenyewe. Uharibifu huanza brashi inapolowa. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na ufundi wa mkono. Unaanza na maji, unapita kwenye rangi na karatasi, na mambo ya umbo la ua yanafuata baadaye, kwa kuwa huko makosa ni machache kuliko anayeanza anavyodhani.

Inafaa kwanza kujua rangi hizi zimetengenezwa na nini. Rangi ya maji ni unga laini sana ulioshikanishwa kwa gundi itokanayo na jamii ya migunga, gundi ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Sudan. Gundi hiyo huyeyuka kila inapokutana na maji, hata baada ya kukauka. Kutokana na hilo unapata mambo mawili ya kukumbuka wakati wote wa kazi: unga wa rangi husafiri popote maji yanapoupeleka, na tabaka lililokwisha kukauka linaweza kuamshwa tena na brashi yenye maji.

Kabla ya kutafuta kosa, soma mng'ao wa karatasi

Weka karatasi karibu na dirisha, inamisha kichwa hadi macho yakaribie usawa wa meza, kisha itazame kwa ubavu. Ikiwa ina dimbwi linalotembea unapoinua ubao upande mmoja, imelowa kupita kiasi, na rangi yoyote utakayoidondosha hapo itakwenda itakako. Ikiwa ina mng'ao uliotulia kama wa hariri, bila maji kutembea, imelowa sawasawa, na huo ndio wakati ambapo rangi mbili hukutana na kuingiliana kwa upole. Mng'ao ukishatoweka lakini karatasi ikabaki baridi unapoigusa kwa mgongo wa mkono, bado ina unyevu ndani yake, nayo ndiyo hali ya hatari kuliko zote kwa sababu machoni inaonekana kavu. Ikiwa haina mng'ao wala ubaridi, imekauka.

Ningemwomba kila anayeanza atoe karatasi moja nzima kwa ajili ya kujifunza hali hizi nne tu, bila kuchora ua lolote: alowesha miraba kadhaa, adondoshe rangi ndani yake kwa nyakati tofauti, na aandike kwa penseli pembeni kila mraba ulikuwa katika hali gani. Karatasi hiyo itamfundisha zaidi ya maua kumi yaliyopakwa kwa haraka, maana sehemu kubwa ya matatizo yanayofuata hapa hutokana na hali ya karatasi iliyosomwa vibaya.

Doa jepesi lenye kingo za mawimbi, mfano wa koliflawa, limetokea ndani ya petali

Petali ilikuwa laini ulipoiacha. Uliporudi baada ya dakika chache ukakuta doa lililopauka katikati, na kulizunguka rangi imesukumwa ikajikusanya kama ukingo wenye menomeno. Chanzo chake ni maji mengi yaliyoingia mahali penye maji machache. Maji hujisambaza kuelekea palipo na ukavu zaidi, yakiusukuma unga wa rangi mbele yake hadi yanapoishiwa nguvu, na pale yanaposimama unga hubaki kama mstari.

Mara nyingi mwenye kosa ni brashi iliyotoka kuoshwa bila kukamuliwa, au mkono uliorudi kurekebisha kitu kidogo wakati karatasi imefikia ile hali ya ubaridi usio na mng'ao. Lakini ipo njia nyingine inayowachanganya wengi, kwa kuwa wana hakika hawakuigusa petali tena: dimbwi dogo liliachwa kwenye ncha ya petali au mahali petali inapokutana na kikonyo, na sehemu nyingine zilipoanza kukauka, maji ya dimbwi hilo yakarudi nyuma. Dawa ya hili ni kukagua ncha zote mara tu unapomaliza petali, na kuzigusa kwa brashi iliyokamuliwa, ambayo itanyonya maji yaliyozidi pasipo kuacha alama.

Kwa ujumla, unaporudi kwenye eneo ambalo bado lina unyevu, brashi yako iwe na maji machache kuliko karatasi. Kipande cha fulana ya pamba kando ya mkono wa kulia kinatosha kwa kazi hiyo. Iguse brashi hapo kila mara kabla ya kurudi kwenye karatasi. Kama doa limekwisha kutokea, usilifukuze likiwa bado na unyevu, kwa sababu kila jaribio litaongeza maji na kuzaa doa jingine. Subiri likauke kabisa, lowesha petali nzima kwa maji safi, sugua ukingo wa doa polepole kwa brashi, kisha nyonya kwa tishu. Buluu ya ultramarini hutoka kwa urahisi kiasi. Buluu na kijani za thalo hung'ang'ania nyuzi za karatasi na hazitatoka zote hata ukisugua, kwa hiyo katika hizo ni afadhali kuliacha doa kuliko kuichubua karatasi.

Petali zimevuja na kuingiliana hadi ua limekuwa bonge moja

Hapa petali mbili zilizogusana zilikuwa na maji kwa wakati mmoja. Jambo hilo si baya daima, kwa mfano katika kichaka cha bogenvilia kilicho mbali, ambako mchanganyiko ndio unaotakiwa. Lakini katika ua moja linalotazamwa kwa karibu huharibu kila kitu.

Mafundisho ya kawaida humwambia mtu aruke petali moja moja: apake ya kwanza, aruke ya pili, apake ya tatu, kisha arudi kwenye zilizobaki baada ya kukauka. Ushauri huo unafaa ua lenye petali nne au sita. Ua lenye petali tano, kama haibiskasi, haligawanyiki kwa raundi mbili, kwa kuwa petali ya tano itagusana na ya kwanza na pia na ya nne. Watu wengi hukwama hapo bila kujua sababu, na kulaumu brashi. Tumia raundi tatu: petali ya kwanza na ya tatu, kisha ya pili na ya nne, na mwisho ya tano peke yake. Asiyetaka kusubiri muda wote huo anaweza kuacha ufa mwembamba wa karatasi kavu kati ya petali na petali, wenye upana wa unywele tu, maana maji hayavuki mahali pakavu. Ufa huo ukikauka huonekana kama mwanga ulioshika ukingo wa petali, na binafsi naupenda kuliko mstari wowote wa kalamu.

Kila petali imezungukwa na mstari mweusi usiotakiwa

Tone la kahawa likikaukia mezani huacha duara lililokoza pembezoni na kupauka katikati. Petali yako imefanya vilevile. Maji huvukiza kwa kasi zaidi kwenye ukingo wa eneo lililolowa, maji ya katikati hukimbilia huko kujaza pengo, na unga wa rangi hubebwa pamoja nayo.

Mahali unapotaka ukingo uyeyuke, kwa mfano pale petali inapojikunja kuelekea kwenye mwanga, osha brashi, ikamue, kisha ipitishe kando ya ukingo ungali na mng'ao, nusu yake ikigusa rangi na nusu ikigusa karatasi kavu. Pitisha mara moja au mbili, usisugue.

Kwa sisi tunaoishi mwambao yafaa pia kuangalia pangaboi. Lile la darini huikausha karatasi juujuu na kwa upande mmoja kuliko mwingine, hivyo mstari huanza kujijenga kabla hujamaliza petali ya pili. Lizime wakati wa kupaka na uliwashe wakati wa kusubiri. Wakati wa masika hali hugeuka: hewa imejaa unyevu, tabaka moja huchukua muda mrefu, na mtu asiye na subira hupaka la pili juu ya karatasi ambayo bado ni baridi, akashangaa tabaka la chini linapong'oka. Mgongo wa mkono ndio kipimo. Karatasi ikikupa ubaridi, bado.

Rangi zimekuwa za matope

Chukua urujuani wa Usambara, ua ambalo asili yake ni milima ya Tanga na misitu ya jirani, na ambalo lilipewa jina la kisayansi nchini Ujerumani mwaka 1893 baada ya mimea yake kupelekwa huko kutoka Usambara. Leo linapandwa kwenye vyungu vya madirishani karibu dunia nzima, na mtu anayeanza hulipenda kwa udogo wake. Petali zake ni za zambarau, na katikati lina vifuko viwili vya chavua vya njano iliyokoza. Anayeanza hupaka zambarau, halafu, kabla haijakauka, huweka njano katikati. Mara njano inageuka kahawia iliyokufa, na anapojaribu kuiokoa kwa njano zaidi, kahawia inazidi kutanuka.

Kilichotokea ni kwamba zambarau na njano ni rangi zinazokabiliana, na zikichanganyika huuana. Ndivyo ilivyo kwa nyekundu na kijani, na kwa buluu na rangi ya machungwa. Haibiskasi nyekundu yenye majani mabichi hupatwa na maradhi hayohayo pale petali inapogusana na jani. Basi panga kazi ili rangi zinazokabiliana zisikutane zikiwa na maji. Katika urujuani, weka njano kwanza, iache ikauke kabisa, kisha ipakie zambarau kuizunguka bila kuigusa. Katika haibiskasi, maliza petali, subiri, ndipo uguse majani.

Matope yana vyanzo vingine vya kawaida zaidi. Maji ya kuoshea brashi yakishakuwa na rangi ya kijivu, kila unachopaka kina kijivu ndani yake. Weka vikombe viwili, kimoja cha kuoshea na kingine cha kuchukulia maji safi, na usivibadilishane. Pia hesabu rangi zilizo katika mchanganyiko. Mbili zisizokabiliana hubaki angavu, tatu zinahitaji uangalifu, na nne karibu daima huzaa tope. Kuna visanduku vya bei nafuu ambamo rangi moja tayari imetengenezwa kwa unga wa aina mbili au tatu, hivyo ukichanganya vijumba viwili huenda umechanganya aina tano bila kujua. Kama rangi yako ni ya tyubu, soma alama ndogo zilizoandikwa ubavuni: herufi na namba moja, mfano PB29, maana yake ni unga wa aina moja tu.

Na tafadhali, changanya kwenye sahani, si kwenye karatasi. Kukoroga rangi juu ya petali huamsha tabaka la chini na kuchubua karatasi kwa wakati mmoja.

Ua lilikuwa limekoza, lakini limepauka baada ya kukauka

Rangi za maji hukauka zikiwa nyepesi kuliko zilivyoonekana mbichi. Hii ni tabia yake, na kila mchoraji huifidia. Anayeanza hushindwa kwa kuwa maji yake ni mengi tangu sahanini. Mimi huwapimia wanafunzi kwa vitu vya jikoni: rangi ya tabaka la kwanza iwe nyepesi kama chai ya rangi, ya tabaka la pili iwe kama maziwa, na ile ya kitovu cha ua au kivuli kizito iwe kama mtindi, iliyo na maji machache sana. Mtu akitumia chai kwa kazi ya mtindi, ataweka matabaka matano na bado kitovu cha haibiskasi kitabaki cha waridi hafifu. Jaribu kila mchanganyiko kwenye ukanda wa karatasi ileile unayochorea, uache ukauke, ndipo uamue.

Karatasi imejikunja, imenyonya kama kitambaa, au inatoa nyuzi

Nyuzi za karatasi huvimba zikilowa, na zikivimba bila kulingana karatasi hupanda na kushuka, kisha rangi hukusanyika mabondeni. Karatasi ya kuchapia, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, haitaweza kazi hii hata kwa mchoraji bingwa. Uzito wa kuanzia ni gramu 300. Ile ya gramu 640 haijikunji karibu kabisa, ingawa bei yake haina ulazima kwa anayejifunza. Hata ile ya gramu 300 yafaa kubanwa: ilowekwe dakika chache, ilazwe juu ya ubao, kingo zote nne zigandishwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi ya kulowesha, na iachwe ikauke usiku kucha ndipo ichorewe. Kazi iliyokwisha kujikunja inaweza kunyooshwa kwa kulowesha kidogo upande wa nyuma, kuifunika kwa karatasi safi na kuilaza chini ya vitabu vizito hadi kesho yake.

Kunyonya kwa ghafla ni tatizo jingine, nalo ni la kwetu hasa. Karatasi nzuri ya rangi za maji hutiwa gelatini au kitu cha namna hiyo ili maji yakae juu kwa muda kabla ya kuzama. Ikihifadhiwa mahali penye unyevu mwingi kinga hiyo huharibika, mara nyingi kwa mabaka. Nilipoteza rundo zima la karatasi nilizoziweka kabatini kupita masika moja. Kwa macho zilikuwa nyeupe na safi, lakini kila petali niliyoipaka ilitokea na madoadoa yaliyokoza, ambayo hakuna brashi ingeweza kuyasawazisha. Kipimo ni rahisi: dondosha tone la maji kwenye kona na uhesabu dakika moja. Tone likibaki juu kama ushanga, karatasi ni nzima. Likizama na kuacha doa jeusi, itumie kwa penseli. Karatasi zinazosubiri zifungwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Nyuzi na vipande vidogo vinavyojiviringisha chini ya brashi humaanisha umesugua sana au umefuta penseli kwa nguvu mno. Chora kwa penseli laini, mkono ukiwa mwepesi.

Ua jeupe halionekani

Anayepaka asumini au waridi jeupe hutafuta rangi nyeupe kwenye kisanduku, akaipaka juu ya karatasi nyeupe, na hapati kitu. Katika kazi hii nyeupe ni karatasi yenyewe. Kinachopakwa ni vilivyo nyuma ya ua: majani mabichi yaliyokoza, ukuta wenye kivuli, anga. Acha umbo la ua likiwa kavu, paka kuzunguka, nalo litajitokeza lenyewe. Kisha ndani ya petali weka vivuli vichache vya kijivu chepesi, kilichochanganywa kwa ultramarini na kahawia ya siena, kwa unene wa chai na si zaidi. Vivuli vikizidi theluthi ya petali, ua halitaonekana jeupe tena. Kwa chavua ndogo au mishipa myembamba, chora kwa ncha ya mshumaa mweupe kabla ya kupaka. Rangi haitashika hapo. Lakini nta haiondoki, kwa hiyo uwe na uhakika wa mahali unapoiweka.

Ua limelala bapa, kama lililokatwa kwa mkasi

Hili ndilo tatizo la umbo ninalolikuta zaidi. Mchoraji amelitazama ua usoni moja kwa moja, akazipa petali zote urefu mmoja, upana mmoja na rangi moja. Haibiskasi kwa kweli ni faneli: petali zilizo karibu nawe hufupika machoni, zilizo mbali hurefuka, na nguzo ya katikati hutoka nje kuelekea kwako ikiwa na ncha tano ndogo kileleni. Chora kwanza duara lililobonyea kama mdomo wa bakuli unaotazamwa kwa ubavu, kisha kila petali ianzie kwenye shimo moja la chini na kufika kwenye mdomo huo.

Bogenvilia nayo hudanganya. Yale mapana yenye rangi ya kukoza si petali bali ni majani yaliyobadilika rangi, kwa kawaida matatu, na maua yenyewe ni yale madogo meupe yaliyo katikati. Anayelijua hilo huyapa mishipa kama ya jani, na mara moja mchoro unapata uhai.

Katika petali moja, weka rangi iliyokoza kwenye shina lake na iache ipungue kuelekea ncha, ukidondosha tone moja la rangi nzito shinani wakati karatasi ina mng'ao wa hariri.

Brashi, ukungu na rangi inayokimbia jua

Brashi ya mviringo namba 8 yenye ncha nzuri inatosha kwa petali nyingi: iguse kwa ncha, ikandamize taratibu, kisha iinue, na alama yake tayari ni petali. Namba 4 ni ya mishipa na vikonyo. Nywele zikitawanyika, osha kwa sabuni ya kipande na maji baridi, zichonge kwa vidole, na uilaze. Kuisimamisha ndani ya kikombe huipinda ncha moja kwa moja.

Kisanduku cha rangi kikifungwa kingali na maji huota ukungu, na mwambao huwa hauchukui siku nyingi. Kiache wazi kivulini hadi vijumba vikauke. Ukungu ukishaota, futa tabaka la juu kwa tishu yenye maji na ulitupe. Rangi iliyo chini mara nyingi bado inafaa.

Ua lililotundikwa ukutani likaanza kupauka baada ya miezi, mkosaji huwa ni aina ya unga. Nyekundu ya alizarini yenye alama PR83 hufifia kwenye mwanga, na waridi zinazong'aa kupita kawaida, zilizotiwa dawa ya kumeremeta, hufifia haraka zaidi. Kwa mawaridi na bogenvilia unayotaka idumu, tafuta rangi yenye alama PV19, na picha uitundike kwenye ukuta usiofikiwa na jua la asubuhi wala la jioni.